Pampu Kumi na Mbili za Lohkamp

"Maziwa yanaondoka saa nne. Umenipata?"

"Nimekupata, Ngugi."

Nazmin aliirudisha redio yake ya Motorola kiunoni, akakanyaga mafuta. Chevrolet Caprice ikachomoka kwenye barabara ya Bathurst, huko Kanada, kuelekea kusini. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Theluji ya Novemba 1993 ilikuwa imeanza kushika.

Maziwa hayakuwa maziwa.

Zilikuwa pampu kumi na mbili, ndani ya bohari moja huko Downsview. Karatasi za forodha zilisema ni za kusukuma maziwa. Idara ya usalama, waliyoifanyia kazi yeye na Ngugi, iliamini zinakwenda ng'ambo, kwenye kiwanda cha gesi ya sumu. Jaji alikuwa ametoa muda hadi saa nne. Asipopatikana mtu wa kuapa zimetoka wapi, kontena lingeondoka.

Mtu huyo alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kofia magotini.

Eberhard Lohkamp, Mjerumani wa miaka sabini na mmoja. Vita vilimwachia kiwanda cha pampu cha baba yake kikiwa kifusi. Alikijenga upya na wafanyakazi sita na jiko moja la supu, na wakati wa kula yeye alijipakulia mwisho. Miaka ya hamsini alikaa Tanga akifunga pampu kwenye mashamba ya mkonge. Kiswahili alikipata huko. Mwaka 1972 alimwachia mwanawe Volker kiwanda, akaingia bungeni Bonn kwa chama cha kiliberali. Miaka ishirini alidai jambo moja: sheria iwe moja kwa mwenye kiwanda na kwa mfagiaji.

"Mzee, umekula?" Nazmin aliuliza.

"Nitakula baadaye, binti."

Nazmin akampitishia nyuma vitumbua viwili ndani ya karatasi. Mama yake alivikaanga alfajiri, nyumbani Thornhill. Mzee akavila vyote.

"Kule Tanga vilikuwa laini zaidi."

"Kule Tanga ulikuwa na meno zaidi, mzee."

Akatabasamu. Halafu tabasamu likaisha. "Ni mwizi wa ofisi yetu ya mauzo aliyeziuza. Volker ataumia sana akijua."

Nazmin alitazama saa. Akakata kona.

Mlango wa nyuma wa bohari ulifunguliwa na Spéciose, mfagiaji aliyetoka Bukavu. Ndiye aliyeipa Idara habari ya mzigo.

"Walinzi beko wawili, mama," alinong'ona. "Moja iko na bunduki."

Nazmin alichomoa bastola yake ya Walther. Hatua nne, kimya. Kiwiko kikatua shingoni mwa mwenye bunduki, naye akaenda chini kama gunia. Wa pili aliinua mikono mwenyewe.

Hakuna risasi iliyotoka.

"Dakika kumi na tano, dada." Ngugi tena, redioni. "Polisi wako getini. Wanangoja karatasi ya kiapo."

Vibao vya jina la kiwanda vilikuwa vimeng'olewa kwenye pampu. Lohkamp akapiga magoti kwenye saruji baridi. Spéciose alivua koti lake akamtandikia, bila kuombwa.

"Kwetu," mzee alisema, "pampu ya oda maalumu haitoki mpaka mwenye kiwanda aijaribu kwa mkono wake. Kisha anagonga alama yake hapa chini. Baba yangu alikuwa na jani. Mimi, nyundo."

Akapeleka vidole chini ya pampu.

Vidole vikasimama.

Akaenda ya pili. Ya tatu. Moja ingetosha, lakini alizipapasa zote kumi na mbili.

"Mbayuwayu," alisema mwishowe. "Alama ya Volker. Nilimnunulia chuma hicho cha kuigongea alipotimiza miaka kumi na minne. Ndege alimchagua mwenyewe."

Angeweza kusema haoni kitu. Hakuna mtu Kanada nzima ambaye angembishia. Nazmin alijua hivyo, na mzee alijua kwamba anajua.

Saa tatu na dakika hamsini.

"Mzee..."

"Lete karatasi."

Akasaini. Spéciose aliikimbiza karatasi getini.

Polisi waliingia, wakawatoa wale wawili, wakafunga kontena.

"Nataka kumpigia Volker," Lohkamp alisema.

Ngugi alisikia kupitia redio iliyokuwa wazi. "Usimruhusu. Bonn watamkamata baada ya saa moja. Akionywa sasa, atatoroka."

Nazmin aliizima redio.

Simu ilikuwa ukutani. Alisimama karibu nayo, kidole juu ya kitufe cha kukatia. Kijerumani alifundishwa na Idara.

"Ni baba," mzee alisema. "Hapana, hakuna shida... Koo la mtoto limepona?... Mfungeni shali akitoka... Hapana. Nilitaka kukusikia tu."

Akakata mwenyewe.

Kidole cha Nazmin hakikuwa kimegusa kitu. Spéciose alileta kiti, akamimina chai ya chupa yake. "Kunywa, papa."

Nje, Nazmin aliwasha redio.

"Kontena?" Ngugi aliuliza.

"Limebaki."

"Mzee amemwonya?"

"Hapana."

"Sasa aliongea nini muda wote huo?"

"Habari za mjukuu."



Nazmin alirudisha bastola ndani ya koti, akavuka theluji bila haraka. Aliiwasha Caprice, akafungulia hewa ya moto ielekee kiti cha nyuma, akangoja mzee amalize chai.