Salamu ya Saa Kumi na Mbili

Lorna Birtwistle alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia baba yake sebuleni akisema, "Na kwako pia, bwana. Jioni njema."

Hilo peke yake lisingemshtua. Mzee Wilf alikuwa akimjibu msomaji wa habari tangu Lorna akiwa mtoto wa soksi ndefu za shule. Msomaji akisema jioni njema, Wilf anaitikia. Akiaga, Wilf anaaga. Marehemu mkewe, Doreen, alikuwa akimtania kwamba iko siku atamwekea yule bwana kikombe cha chai mbele ya kioo. Pale Nelson, mji wao mdogo kaskazini mwa Uingereza, wazee wa namna hiyo hawakosekani, watu waliolelewa kwamba salamu haiachwi ikaning'inia hewani, hata ikitoka kwenye sanduku.

Kilichomfanya Lorna aweke kisu chini ni kwamba televisheni ile ilikuwa imekufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyechomoa waya wa antena na waya wa umeme, akazikunja nyaya zote mbili na kuzitia kwenye droo.

Akaenda mpaka mlangoni mwa sebule. Nje giza la Desemba lilikuwa limeshaingia, na mvua ilikuwa ikipiga madirisha. Wilf alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini, ameinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza asipitwe na neno. Kioo kilikuwa cheusi. Ndani yake zilionekana taa ya mezani na ndara za mzee, basi.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na huyu bwana wa habari."

"Imezimwa, baba."

"Najua imezimwa, mimi si kipofu," akasema Wilf. "Huyu anasema taratibu. Siyo kama wale wengine wanaokimbizana na maneno. Nyamaza kidogo, mwanangu, nimsikie."

Lorna alirudi kwenye viazi vyake. Alijua kosa ni lake.

Mambo yalianza msimu wa majani kuanguka. Lorna alikuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno. Akirudi jioni alipanda kitandani na kompyuta yake akatazama tamthilia za mtandaoni, zile zilizorekodiwa zamani, unazozitazama saa unayotaka. Matangazo ya mubashara, yanayokwenda hewani saa ile ile, hakuyagusa kabisa. Na leseni ya televisheni, ile ada ya kila mwaka ya kila nyumba, inadaiwa kwa hayo. Wenzake kazini walikuwa wameshajitoa wote, wakamcheka: "Wewe Lorna bado unalipia antena? Kesho utanunua na mafuta ya taa kama watu wa zamani!" Basi jioni moja akaingia kwenye tovuti akatoa tamko kwamba hahitaji leseni. Aliulizwa kama yumo mtu yeyote nyumbani anayetazama matangazo ya mubashara. Akajibu kwamba hakuna.

Wakati anajibu, baba yake alikuwa amekaa hatua chache kutoka alipo, anatazama taarifa ya habari.

Alijiambia kwamba atamzoesha kompyuta. Na kweli alijaribu. Wilf alitazama tamthilia nusu, akamsalimu mpelelezi, mpelelezi hakumtazama hata usoni, akaisukuma kompyuta pembeni. "Hawa hawanisemeshi," alisema. "Hawa walishamaliza kusema zamani." Lorna naye, kwa hofu ya wakaguzi wa leseni inayomfanya hata mtu mwema ajione mwizi nyumbani kwake, akachomoa kila waya. Kuanzia hapo mzee alikaa jioni mbele ya kioo kitupu, na nyumba ikawa kimya.

Sasa kimya kile kilikuwa kimepata mpangaji.

Kwanza ilikuja harufu, harufu ya vumbi linaloungua, kama zilivyokuwa zikinuka televisheni za zamani zikianza kupata moto. Ikifika saa kumi na mbili jioni inajaa sebuleni na kupanda mpaka ngazini. Kisha ukaja mlio mwembamba, mwembamba sana, unaoingia kwenye meno kabla ya masikio. Kisha zikaja habari zenyewe.

"Maskini Enid wa duka la mikate," alisema Wilf wakila. "Kaanguka ngazini. Nyonga imevunjika."

"Nani kakwambia?"

"Wametangaza."

Asubuhi Lorna akapita dukani akakuta pamefungwa. Enid alikuwa ameanguka usiku, saa nyingi baada ya Wilf kumaliza chakula chake. Siku nyingine habari zikasogea: moto kwenye bomba la moshi mwisho wa mtaa wao. Halafu zikasogea tena, paka wa jirani chini ya gurudumu la gari. Kila tangazo lilitangulia tukio lake, na kila tukio lilikuwa karibu zaidi na mlango wao kuliko lililotangulia. Na Wilf alikuwa akikonda. Chakula alikigusa tu, na vidole vyake vilikuwa baridi hata mbele ya moto.

Shagufta, jirani wa ukuta mmoja, alibisha hodi Jumamosi mchana akiwa ameshika bakuli la wali. Hakuingia. Alisimama kizingitini akateremsha sauti.

"Dada Lorna, usinikasirikie. Huyo mwanamume anayekuja kwenu jioni ni nani?"

"Hakuna mwanamume, Shagufta. Ni mimi na baba tu."

"Ukuta wetu mwembamba, dada, wewe unajua. Mimi nawasikia mkipiga chafya. Namsikia na yeye. Mtu mwenye adabu sana. Anamuuliza mzee humo ndani mnalala wangapi, na mlango wa nyuma unafungwa na nani, na mzee anamjibu yote." Akamkabidhi bakuli. "Na alimtangaza paka wetu kwa jina, naye bado yuko hai mapajani mwangu."

Lorna akashika fremu ya mlango.

"Kwetu tunajua kitu cha namna hiyo kinaitwaje," akasema Shagufta. "Nina mjomba anayevisomea Kurani vitu hivyo. Ukitaka nitamwita."

Lakini Lorna alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na alidhani jambo lililoharibiwa kwenye tovuti litatengenezwa kwenye tovuti. Jioni ile ile akailipia leseni upya. Akatoa nyaya kwenye droo, akazichomeka, na saa kumi na mbili ilipofika msomaji wa habari halisi, mwenye tai na nywele zilizochanwa vizuri, akatokea kwenye kioo akasema jioni njema. Machozi yalimlengalenga Lorna kwa furaha.

Wilf hakujibu. Alimtazama msomaji kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Huyu siye," akasema.

Kisha akanyanyuka, mzee ambaye wiki nzima hakuwa na nguvu ya kujifunga vifungo, akakikokota kiti chake kwa mikono miwili mpaka kikaipa televisheni kisogo na kuelekea pembe ya chumba, pale kati ya kabati na dirisha ambapo hapakuwa na kitu chochote ila karatasi ya ukutani yenye maua, akakaa, akaweka mikono magotini, na Lorna, akiwa amesimama na rimoti mkononi, akasikia sauti ya televisheni ikififia bila yeye kubonyeza chochote, akaona midomo ya yule msomaji ikiendelea kucheza bila neno kutoka, na harufu ya vumbi linaloungua ikampanda puani, na ule mlio ukaingia menoni, na kutoka kwenye pembe ile tupu, karibu sana, sauti ya mwanamume asiye na haraka ikasema: "Jioni njema, Wilf. Leo tunatangaza tukiwa kizingitini kwako."

"Na kwako pia, bwana," akasema Wilf kwa upendo. "Karibu."

Lorna akampigia Shagufta simu amwite mjomba wake.

Mjomba Ishtiaq alifika kesho yake mchana, mwalimu wa udereva mwenye koti la mvua, gari lake limeegeshwa nje na bango la wanafunzi juu ya paa. Alisoma Kurani kila chumba, akanyunyiza maji pembeni, kisha akakaa mbele ya Wilf.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Wilf alimwambia. "Lakini wewe soma tu, kijana. Chai yako unatia sukari?"

"Vijiko viwili, mzee. Niambie, kilipokusalimu mara ya kwanza, ulijibu?"

"Sasa ningefanyaje? Mtu kanisalimu!"

Ishtiaq akatikisa kichwa. "Kitu hiki hakina mlango wake chenyewe. Mlango wake ni jibu. Kilikuta nyumba imenyamaza na mtu mpweke, kikapiga hodi, naye akafungua. Kila jibu linakivuta hatua moja. Leo kitakuja kumchukua mzee mwenyewe." Akawatazama wote. "Kikisalimu, asijibu mtu. Si ndiyo, si hapana, si kitu. Kikikosa jibu kwa kila aliyemo, kitaondoka na hakitarudi."

"Yaani nimnyime mtu salamu ndani ya nyumba yangu?" akauliza Wilf. "Doreen angenipiga na ufagio."

"Angekusamehe, baba," akasema Lorna, akamshika mkono. "Fanya kwa ajili yangu. Nimebaki na wewe tu."

Mzee akachomoa leso yake mfukoni. "Haya, mwanangu."

Saa ikafika. Ishtiaq alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, Shagufta amesimama kando ya mlango, Lorna amepiga magoti ubavuni mwa baba yake. Harufu ikaja. Mlio ukaja. Taa ikapungua.

"Jioni njema, Wilf."

Wilf akauma leso yake.

"Wilf? Jioni njema. Unaumwa?" Ikangoja. Ilipozungumza tena ilikuwa sauti ya mwanamke, ya Doreen, pamoja na kile kikohozi chake kidogo alichokipata kwenye kiwanda cha nguo. "Wilf, mpenzi. Njia ndefu nimekuja. Hata chai hunipi?"

Machozi yakammiminika mzee mpaka kidevuni, mabega yakamtikisika, mkono wake ukaminya wa Lorna mpaka mifupa ikauma, lakini hakufungua mdomo, na sauti ikamwita tena na tena, kwa kubembeleza, kwa kulia, kwa jina la utani ambalo Lorna hakuwahi kulisikia wala hakupaswa kulisikia, na kila ilipoita ilikuwa mbali kidogo, kama mtu anayerudi kinyumenyume kwenye korido, mpaka mlio ukaanza kushuka na harufu ikaanza kupungua na Shagufta akaanza kulia kwa faraja kiganja kikiwa mdomoni. Walikuwa wameshinda.

Hapo ndipo ilipozungumza sikioni mwa Lorna, polepole, bila hasira, kama mtu aliyeumizwa tu.

"Lorna. Waliuliza kama yumo anayetazama. Ukasema hakuna. Na baba yako alikuwa amekaa pale."

"Samahani," akasema Lorna.

Lilimtoka kabla hajafikiri, kama linavyowatoka watu wa kwao kila siku, wakikanyagwa sokoni wao ndio wanaoomba radhi. Lilikuwa pumzi tu. Kisomo cha Ishtiaq kikalifunika.

Dirisha likagonga mara moja. Taa ikawaka vizuri, na chumba kikabaki na harufu ya mvua na chai.

"Nina njaa," akasema Wilf, macho yake meupe na safi. "Jamani, ule wali wa Shagufta umeisha?"

Walicheka wote, kicheko cha watu waliotoka kuzama. Ishtiaq akakunja msala wake. "Hakuna aliyejibu?" akauliza. Wilf akatikisa kichwa, Shagufta akatikisa kichwa. Walikuwa wakimtazama baba yake kwa furaha kubwa, na Lorna aliona aibu kuwaharibia. Akatikisa kichwa na yeye.

Wilf alirudisha nyama mwilini. Kiti kikarudi mahali pake, na jioni alimjibu msomaji wa habari halisi kwa sauti ya kujaa kifua, leseni ikiwa imelipwa na kila waya mahali pake. Lorna hakulala vizuri, lakini siku zilipita bila kitu, akaanza kuamini kwamba neno lake halikusikika.

Jioni moja alikuwa jikoni akimenya viazi. Kompyuta yake ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa. Kwanza alidhani ni mkate unaoungua. Kisha meno yakaanza kumuuma.

"Jioni njema, Lorna."

Akafunga mdomo. Akakata kiazi. Sebuleni alimsikia baba yake akikohoa na kugeuza gazeti.

"Habari za leo," ikasema sauti, bila haraka, kutoka ndani ya kompyuta iliyofunikwa. "Mzee mmoja wa mtaa huu, Wilfred Birtwistle, ambaye alionekana kupata nafuu..."

Ikanyamaza. Haikumalizia. Lorna akangoja, kisu mkononi. Alijua inangoja nini, na alijua afanye nini, na aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Kimya kikazidi kurefuka, na baba yake akakohoa tena, kikohozi kirefu zaidi.

"Kafanyaje?" Lorna akanong'ona. "Baba yangu kafanyaje?"

"Lorna!" Wilf akaita kutoka sebuleni. "Unaongea na nani huko?"

"Hakuna mtu, baba," akajibu Lorna.

Sauti ikangoja, kwa adabu, amalize kusema na baba yake. Kisha ikaendelea.