Njoo na Betri Zote

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipokuwa nafunga begi la kamera, na tayari nilikuwa nimeshakasirika. Yule mwanamke alikuwa amepiga simu tena. Hakusalimu. Alisema tu, "Njoo na betri zote. Zijae," akakata. Nimepiga picha tangu sijaolewa mpaka nimeachika, na leo mteja ananifundisha kubeba betri.

Nina utaratibu wangu. Betri iliyojaa naifunika yale meno yake ya shaba, inakaa mfuko wa kulia. Iliyokwisha haifunikwi, inakaa kushoto. Kila kinachokula chaji bure ndani ya kamera nakizima, hata ule mlio. Mdogo wangu hunicheka kwa hilo.

"Dada, ungemtunza mumeo hivyo, usingeachika."

"Ningemtunza hivyo, ningemzima mapema."

Yeye ndiye hunishikia taa kazini. Siku ile sikutaka aje. Tumbo lilikuwa kubwa, na kabla ya hilo mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu ilikuwa imeshika. Mtoto wa ndani tulimwita Bondia, maana kila jioni giza likianza kuingia alirusha mateke mpaka gauni la mama yake linatikisika. Shemeji alikuwa kazini mbali, na mdogo wangu akasema hawezi kubaki nyumbani kutazamana na ukuta. Mbishi huyo. Nikambebesha pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, nikabeba mazito mwenyewe.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka la rangi. Mlango ulifunguliwa kabla sijagonga. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa wa umri wangu, lakini amekonda, mifupa ya mabega imeinua blauzi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, bila hata tabasamu.

Hakunitazama usoni. Alitazama begi langu. Kisha akatazama tumbo la mdogo wangu, akalitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kazi ni nini hasa?" nikauliza.

"Mama. Ndugu zangu wanasema ameshakufa, mimi namficha. Nataka picha yake amekaa, macho wazi. Niwatumie, waniache."

"Na macho hayafunguki?"

"Yatafunguka," alisema. "Ukipiga."

Ningegeuka pale pale. Lakini nina kichwa kigumu, na sipendi mtu aone nimeogopa.

Chumbani palikuwa na harufu ya chaja inayotaka kuungua. Plastiki ya moto, vumbi la moto. Dirisha limefunikwa shuka. Bibi alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao, kanga imefungwa kifuani kumzuia asianguke. Nikamwamkia. Hakujibu. Nilimtazama kifua nione kinavyopanda na kushuka... sikuona kitu.

Nikasimamisha stendi, nikaweka kamera. Betri imejaa. Mdogo wangu akanyanyua kitambaa. Nikabonyeza.

Kamera ikazima.

Nikaiwasha, haikuwaka. Nikaichomoa betri. Ilikuwa baridi, na betri iliyofanya kazi huwa na joto. Nikamtukana aliyeniuzia, nikaitia mfuko wa kushoto, nikaweka nyingine. Nikabonyeza.

Ikazima nayo.

"Dada," mdogo wangu alinong'ona. "Amepumua."

Ni kweli. Kifua cha bibi kilikuwa kinapanda na kushuka, polepole, kwa sauti ya mtu anayeburuta gunia. Nikajiambia alikuwa anapumua tangu mwanzo, mimi ndiye sikuona. Nikaweka betri nyingine. Nilipobonyeza, vidole vyake vilivyokuwa vya majivu vikaingia rangi. Nyingine tena, na ukope mmoja ukapanda nusu.

Mfuko wa kulia ukabaki mtupu.

"Endelea," binti yake alisema. Alikuwa amesogea, ameshika mkono wa mama yake, na sauti yake ilikuwa ya kuamuru. "Limebaki jicho moja."

"Betri zimekwisha. Soketi iko wapi?"

"Umeme wa chumba hiki hauwashi kitu siku nyingi. Huyo ana nini mkononi?"

Alikuwa anaonyesha pawabenki. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpiga picha yeyote angelifanya. Nilikuwa na waya mmoja tu, mfupi, haufiki kutoka kwenye stendi hadi sakafuni. Kazi ikikwama hivyo, huwa tunamweka mtu asimame karibu ashike. Nikachomeka upande mmoja kwenye kamera, mwingine kwenye pawabenki, na mdogo wangu akasimama pembeni, pawabenki ameiegemeza juu ya tumbo lake, kama anavyoegemeza sahani akila.

Nikabonyeza. Kamera haikuzima. Nikashukuru.

Nikabonyeza tena. Vile vitaa vya pawabenki vikaanza kuzimika, kimoja baada ya kingine. Cha mwisho kikafa. Nikasubiri kamera ife nacho.

Haikufa.

Alama ya chaji kwenye kioo ilikuwa inapanda. Robo... nusu... Pawabenki imekufa, na kamera inajaa. Nikabaki nimeikodolea macho ile alama. Kazi yangu nzima ni kujua chaji inatoka wapi na inakwenda wapi, na sasa nilikuwa sijui inatoka wapi.

Kisha nikasikia mdogo wangu akivuta pumzi.

"Dada... Bondia ametulia."

Nikamgeukia. Nje giza lilikuwa limeshaanza kuingia, wakati ule ule wa mateke. Gauni lake halikutikisika. Midomo ilikuwa imepauka. Akakaa sakafuni, bado ameishika ile pawabenki iliyokufa.

Nikang'oa waya mkononi mwake.

"Usichomoe."

Aliyesema hakuwa binti. Alikuwa bibi. Macho yote mawili wazi, yamekauka, hayapepesi.

"Mrudishie," nikasema.

"Kilichoingia hakitoki, mwanangu."

Aliniita mwanangu. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Sikuogopa tena, nilichukia. Niliwachukia wote wawili, yule wa kitini na yule aliyenipigia simu akijua anachoagiza. Na hasira ikanifungua akili. Betri zangu zilikuwa zimekwenda wapi? Kwa yule aliyekaa mbele ya lenzi. Mdogo wangu alinyonywa kwa nini? Kwa sababu alishika waya. Basi. Mbele ya lenzi unapewa, kwenye waya unanyang'anywa. Na waya ule hauna kichwa wala mkia, yeyote anaweza kuushika.

Nikageuza kamera kwenye stendi, nikaielekeza kwa mdogo wangu pale sakafuni. Ncha ya waya ilikuwa inaning'inia.

Binti aliona ninachotaka kufanya. Akairukia ile ncha auchomoe waya kwenye kamera, mkono mmoja umekamata waya, mwingine bado umeshika mkono wa mama yake, kwa kuwa alikuwa hauachi kamwe.

Nikabonyeza.

Akapiga kelele ndogo, ya mtu aliyegusa sufuria ya moto. Vidole vyake havikuweza kufunguka. Nikabonyeza tena, tena. Alama ya chaji ikapanda, ikashuka, ikapanda. Bibi akafumba jicho moja, kisha la pili. Kichwa kikaanguka kifuani. Harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima mpaka machozi yakanitoka.

"Inatosha," binti alinong'ona. Alikuwa amepiga magoti. "Dada yangu, inatosha... Mama ndiye niliyebaki naye."

Ningeweza kuacha. Sikuacha. Mdogo wangu alikuwa bado hajasema kitu, na mimi sikuwa na mwingine.

Nikabonyeza.

"Amepiga," mdogo wangu alisema. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili na analia. "Dada, amepiga teke."

Nikauchomoa waya upande wa kamera. Binti akaanguka ubavu, anahema. Sikumnyanyua. Nilimshika mdogo wangu kiunoni, tukatoka, vifaa tukaviacha vimesimama vyenyewe mle ndani.

Bibi alizikwa wiki ile. Waliomzika walinong'onezana kwamba yule hakuwa maiti wa siku zile, alikuwa wa siku nyingi. Zaidi ya hapo hakuna anayesema, na mimi sikwenda kuuliza.

Bondia alizaliwa wakati wake, mzito, mzima, kila kitu mahali pake. Mdogo wangu alifurahi mpaka akaogopa kumweka chini. Mimi nilimkagua kama ninavyokagua lenzi ya mtumba, nikakosa kasoro. Ila mchana alilala sana. Na jioni, giza likianza kuingia, alikataa ziwa. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, akakaza macho, hapepesi. Hatukujua anamngoja nani.

Kisha akaja.

Nilimkuta yule mwanamke, binti wa bibi, amesimama nje, mwembamba zaidi ya mwanzo, mikono mitupu. Ndani mtoto akatulia. Nikasikia mdogo wangu akisema, "Ananyonya, dada. Ananyonya."

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Sitaki kitu. Miguu inanileta." Alisema taratibu, kama mtu aliyechoka kubishana na mwili wake. "Kilicho changu kimo ndani ya huyo mtoto. Na cha mama pia."

Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia, nikamsukuma mpaka njiani, nikakomea mlango. Alipopotea kwenye kona, mtoto, kabla hajashiba, alilegea mikononi mwa mama yake. Shingo ikawa haina nguvu, kucha zikaingia rangi ya majivu. Mdogo wangu hakulia. Alinitazama tu, na nilimwelewa. Nikatoka mbio pekupeku, nikamkimbilia yule mwanamke hadi dukani kwa fundi viatu, nikamshika mkono, nikamrudisha.

Mtoto akafungua macho kabla hatujaingia.

Tangu hapo anakuja kila jioni. Sisemi naye. Anakaa kizingitini, mtoto ananyonya mpaka anashiba, kisha anaondoka. Mara nyingine mtoto humtazama juu ya bega la mama yake kwa utulivu wa mtu mzima, na mwanamke hushusha macho na kusema, kwa sauti ya chini sana, "Shikamoo, mama." Mdogo wangu hujifanya hajasikia. Mimi pia.

Bado namchukia. Nataka hilo lijulikane. Ameniingilia nyumbani, ameingilia damu yangu.

Jana alikuja anakohoa.

Kikohozi kibaya, cha ndani. Alijishikiza ukutani, akafuta mdomo kwa kiganja, akakificha kiganja. Mtoto akaacha ziwa, naye akakohoa. Mdogo wangu akanitazama tena kwa yale macho. Nikainuka, nikamwekea yule mwanamke kiti ndani, penye joto, nikamfunika blanketi langu mwenyewe, nikaenda jikoni kumchemshia maji. Nikamimina kikombe, nikamletea.

"Kunywa," nilimwambia. "Kunywa yote. Leo utalala hapa."