Maji ya Pasi

Tsss.

Sauti moja, ndefu, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Mama Pasi alifumbua macho gizani. Sauti ile aliijua kuliko sauti ya mama yake mzazi: ni pasi ya mvuke, kitufe kimebanwa, kitambaa kiko chini. Akanyoosha mkono. Binti yake alikuwa amelala ubavuni pake. Chumba cha pili bibi alikuwa akikoroma. Nyumba nzima ilikuwa na wanawake watatu, na wote watatu walikuwa vitandani.

Alikwenda sebuleni, mahali pao pa kazi. Waya ulikuwa umezungushwa kwenye mpini kama alivyouacha jioni, plagi ikining'inia. Akasogeza kiganja kwenye uso wa pasi. Ulikuwa wa moto.

"Joto la mchana," alijiambia, ingawa usiku ule ulikuwa wa baridi.

Kazi ile alikuwa nayo tangu ujana, na sasa alikuwa akimrithisha binti yake, maneno yaleyale kila siku, kama wimbo. Hariri igeuze ndani nje, joto dogo, na usiiguse bila kitambaa cha kukinga. Kitani kikute kingali na unyevu. Sufu usiikandamize, ipulizie mvuke, iache ijinyooshe yenyewe kama mtoto aliyebembelezwa. Kola anzia kwenye ncha, uje katikati, la sivyo mwenye shati atatembea mjini na masikio ya mbwa shingoni. Na juu ya yote, maji. Maji ya bomba huacha chokaa, chokaa huziba vitundu, na siku moja pasi hutema uchafu wa kahawia juu ya shati jeupe la mtu. Kwa hiyo pasi yao ilikunywa maji yaliyochemshwa, yakapozwa, yakachujwa. Katika nyumba ile maji yaliyochemshwa hayakumwagwa kamwe.

Hata yale ya Jumapili.

Jumapili walikuwa wameosha maiti ya mdogo wake Mama Pasi, aliyeletwa na gari la hospitali baada ya miaka tisa ya kutokanyaga pale. Walichemsha masufuria mawili, na moja likabaki nusu. Mkono wa Mama Pasi, mkono uliozoea, uliyachuja yale maji ukayatia kwenye jagi la pasi. Yeye hakuwa na habari. Alikuwa akilia, au alikuwa akijitahidi kulia.

Jumanne mwalimu, jirani yao, alisimama mlangoni na shati lake la kitani mwilini.

"Mama Pasi, siku hizi unapiga pasi au unapiga ramli? Shati hili nimelivaa jana, nikalilalia, leo nimelivaa tena. Tazama."

Akaubana mkono wa shati ndani ya ngumi, akaukamua kama dekio, akauachia. Kitambaa kilijinyoosha polepole, kama kitu kinachokumbuka.

"Hicho ni kitani kweli, mwalimu?"

"Kitani kitupu. Kitani hata ukikikaripia kinajikunja." Alicheka, huku akijipapasa shingo. Pale kola ilipokuwa ikigusa, ngozi ilikuwa laini, inang'aa, haina kinyweleo wala mstari. Alipoinamisha kichwa haikukunjana. "Inawasha kidogo," alisema. "Au haiwashi. Sijui nisemeje. Ni kama si yangu."

Alipoondoka, Mama Pasi aliligeukia jagi, na hapo ndipo mkono wake ulipomwambia ulichofanya. Alimwaga maji yote mtaroni. Akaikung'uta pasi mpaka tone la mwisho. Hakumwambia mtu. Usiku ikalia tena, tsss, tsss, mara mbili, na asubuhi tangi lilikuwa limejaa, na sebule ilinuka nywele zilizolowa na, kwa chini yake, blanketi linaloungua.

Siku hiyo binti alimjia mama yake mikono imefunguliwa.

"Mama, hebu nione kiganja chako."

"Kwa nini?"

"Nione tu." Aliutazama mkono wa mama yake, akautazama wake. "Wako una mistari. Wangu wa kushoto hauna kitu. Na wa kulia inaondoka."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua kichwa. "Mke mwenzangu kapata mikono ya kitoto kichanga," alitania. "Mwenzio mimi nimekunjana mpaka kisigino. Nipe hiyo pasi na mimi nirudi sokoni." Kisha akakishika kile kiganja, akakisugua kwa kidole gumba, na mzaha ukamfia mdomoni.

Mganga aliletwa Alhamisi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuja na kibuyu wala kitabu. Aliinyanyua pasi, akaitikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi.

"Mmeinywesha maji ya nani?"

Mama Pasi alisema. Bibi alijishika kifua.

"Maji ya maiti humwagwa, mama," mganga alisema.

"Najua."

"Wewe unajua. Mkono wako ndio haukujua." Aliiweka pasi chini polepole. "Humu hamna marehemu. Marehemu amekwenda zake. Humu mna jini, na majini ni watu wa moto. Nyumba yenu iliwahi kuungua?"

Bibi ndiye aliyejibu. Miaka tisa iliyopita, duka lao la zamani. Pasi iliachwa uso chini juu ya blanketi la meza, ndani ya waya umeme unapita. Mume wake alikuwa amejipumzisha chumba cha nyuma. Moto haukumfikia. Moshi ulitosha. Jioni ile bibi alisimama uani mbele ya majirani, akawauliza mabinti zake wawili, nani aliiacha pasi? Mkubwa akamtaja mdogo. Mdogo akasema, si mimi, mara moja tu, na usiku huohuo mama yake akamtolea mkoba wake nje.

"Basi jini limelelewa na moto ule," mganga alisema. "Limewafuata miaka yote, halina pumzi ya kusemea. Nanyi mkalinywesha maji ya mtu aliyekufa na neno kooni."

"Tuchinje kuku?" bibi alinong'ona.

"Kuku wa nini, lina njaa? Lina swali. Litauliza, mtalijibu. Likipata jina la kweli litatoka. Likipata la uongo litaendelea kunyoosha." Alikitazama kiganja cha kulia cha binti. "Hapa umebaki mstari mmoja. Ukiisha huu, atakuwa amekaa mbele yenu anakula na kunywa, na ndani hamna mtu."

Jini halikungoja usiku. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, mapazia yamefungwa, na mganga alikuwa bado hajamaliza kusema pale binti aliposimama mwenyewe, akaenda kwenye meza ya pasi, akalaza kiganja chake cha kulia chali juu ya kitambaa kama mtu anayetandaza kola, na kwa mkono wa kushoto akaishika pasi ambayo waya wake ulikuwa sakafuni.

"Mwanangu," Mama Pasi aliita.

Binti hakugeuka. Tsss. Mvuke ulipanda mweupe, ukapanda tena, ukajaa sebule mpaka nguo zilizotundikwa ukutani zikaanza kuvimba, mashati yakajaza vifua, mikono mitupu ikainuka taratibu kana kwamba inajiandaa kumpokea mtu, na ile harufu ya blanketi ikashuka kooni mwao, na kutoka katikati ya weupe ule, kwa kinywa cha binti lakini kwa sauti iliyokuwa imezikwa Jumapili, swali likaja, kwa upole, bila hasira, kama mtu anayeulizia nguo zake.

"Nani aliiacha pasi?"

Bibi alipiga magoti. Alilitaja jina la binti yake mdogo, jina alilokuwa amelikataza nyumbani kwake miaka tisa, na alilitaja akilia.

Pasi ikashuka. Iligusa ncha za vidole, ikaanza kuja kuelekea katikati, kama inavyofundishwa. Binti hakulia. Usoni pake mikunjo midogo ya pembeni mwa macho, ile ya kucheka, ilifutika mmoja baada ya mwingine.

"Si hilo," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Mama Pasi. Si hilo."

Mama Pasi alikuwa amesimama dukani kwao, miaka tisa nyuma. Mteja mlangoni, kifurushi cha mashati, mzaha mrefu, kicheko. Mdogo wake alikuwa kisimani. Na nyuma yake, juu ya blanketi, pasi ambayo mkono wake mwenyewe ulikuwa umeilaza, kwa sababu mkono ulizoea kurudi upesi. Siku ile alikuwa na baba mmoja wa kumlilia, akaogopa kumkosa na mama. Sasa mama huyo alikuwa hapa miguuni pake, amemwinulia uso, anangoja, na machoni mwake kulikuwa na kitu kilichoanza kuelewa.

"Nani," sauti iliuliza, "aliiacha pasi?"

Uso wa pasi ulikuwa umefika kwenye mzizi wa vidole. Mbele yake, katika kiganja cheupe kama karatasi, ule mstari wa mwisho ulikuwa mfupi kama uzi wa kushonea kifungo.

Mama Pasi alimtazama mama yake, si mvuke. Kisha akafungua kinywa na kulitaja lile jina alilopewa na baba yake siku ya kuzaliwa, ambalo hakuna mtu aliyemwita tena tangu moto ule: jina lake mwenyewe.