Vidole vya Zuena Chini ya Dawati

Kila asubuhi wanafunzi wa Darasa la Nne katika shule moja ya Temeke walifagia uwanja, wakakaguliwa kucha, kisha wakaingia darasani. Ubaoni walikuta namba ndefu. Mwalimu Fakihi aliwauliza kama inagawanyika kwa kumi na moja bila baki, nao wakainamia madaftari.

Zamani Demetria, binti wa karani wa Kurasini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. Tangu Zuena ahamie kutoka Kimbiji, mambo yaligeuka. Siku hiyo namba ilikuwa 5,814,798. Demetria hajafika hata katikati, Zuena akanyoosha mkono.

"Inagawanyika, Mwalimu."

Demetria akamtupia jicho la pembeni. Daftari la Zuena lilikuwa jeupe, ila vidole vyake vilichezacheza chini ya dawati. Roho ikamwuma. Huyu ana karatasi, alijiambia. Tena wiki hii ndiye mwenye zamu ya kufagia ofisi, na kitabu cha majibu kinalala mezani pale. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuamini. Wivu haukosi ushahidi!

Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Zuena anaiba majibu. Ana karatasi chini ya dawati."

"Marahaba. Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona."

"Mwizi wa majibu hafanyi mtihani wa kwenda shule ya kati," alisema mwalimu. "Haya, twende."

Dawati likapekuliwa mbele ya darasa zima. Hapakuwa na kitu. Zuena alikuwa akilia kimyakimya.

"Pengine kaitupa," alinong'ona Demetria.

"Basi andika namba yako mwenyewe, isiyo ya kitabuni," mwalimu alimwambia.

Demetria akaandika 9,460,831. Zuena akafuta machozi, akaweka mikono juu ya dawati. Vidole vikaanza: kimoja juu, kimoja chini.

"Haigawanyiki. Inabaki sita."

Demetria aligawanya ubaoni, akiomba moyoni mwenzake awe amekosea. Ikabaki sita. Akarudia. Sita ileile.

"Na hivyo vidole?" aliuliza mwalimu.

"Ni kama kusuka ukili wa mkeka, Mwalimu. Ukindu mmoja unapita juu, unaofuata chini. Mie tarakimu nazipitisha hivyohivyo. Najumlisha za juu, najumlisha za chini. Zikilingana, au zikizidiana kwa kumi na moja, namba inagawanyika. Hapa za juu ni ishirini na nne, za chini saba. Tofauti ni kumi na saba. Nikitoa kumi na moja, inabaki sita."

Mwalimu akamgeukia Demetria. "Ile karatasi uliiona?"

Demetria aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Sikuiona, Mwalimu. Nilidhani tu. Zuena, nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Zuena. "Lakini ungenikosesha mtihani."

"Mmesikia?" alisema Mwalimu Fakihi. "Hesabu ya namba mnairudia mara mbili kabla ya kunionyesha. Jina la mwenzenu mnalitia doa bila kuhakikisha hata mara moja. Usiloliona, usiseme umeliona. Namba iliyokosewa tunaifuta ubaoni. Mtoto aliyefutwa mtihani, nani angemrudisha?"