Nyuso Tano za Ukurasa Mmoja

Jambo hili lilimpata mdogo wangu wa kike, fundi wa vitabu vikuukuu, na mwisho wake niliushuhudia kwa macho yangu. Nitalieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto darasani, ingawa hasira yangu haijapoa.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nilipita karakanani kwake baada ya shule, nikamkuta na kitabu cha karne nyingi kilicholetwa asubuhi na mzee mmoja mnadhifu. Kilikuwa kimechorwa kwa mkono: wapenzi vitandani, wapenzi bustanini, nguo zimetupwa kule. Mdogo wangu hakuona haya. Kazi za namna hiyo amezishika nyingi, na husema wachoraji wa kale waliuheshimu mwili kuliko sisi tunaoufunika na kuusema vibaya.

"Huyu kaka kesho hainuki, kiuno kimekwisha," alisema akigeuza ukurasa. Tukacheka.

Ukurasa mmoja tu ulikuwa na ila. Mwanamke aliyelala ubavu hakuwa na uso. Rangi ilikuwa imebanduka.

"Anataka nimpake uso mpya," akaniambia. "Lakini kasema nisinakili picha. Nitazame mtu aliye hai."

Wachoraji wa karakana ile wana desturi yao. Wakikosa mtu wa kumtazama, huegemeza kioo mezani na kujichora wenyewe. Kila mteja analijua hilo. Mdogo wangu akaweka kioo, akajichora, kama mshonaji anavyojipima gauni la mteja.

Mzee alipokuja kuchukua kitabu, aliutazama ukurasa, kisha akamtazama mdogo wangu. Hakuuliza ni nani aliyechorwa. Akatabasamu tu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mdogo wangu aliangusha brashi. Kidole kilikuwa kimepita shavuni pake.

Hapakuwa na mtu.

Ikawa kila siku, saa ile ile. Kidole shavuni. Kisha midomoni. Kisha pumzi ya mtu, karibu sana. Aliacha kula. Ijumaa ya wiki iliyofuata nilimsogeza dirishani nimtazame vizuri. Kwenye paji la uso wake palikuwa na nyufa nyembamba, kama za rangi iliyozeeka.

"Dada," alininong'oneza, "anafungua kitabu."

Jumamosi tukaenda nyumbani kwa mzee. Alitufungulia mlango kwa adabu zote.

"Karibu, mwalimu. Karibu, binti."

Kitabu kilikuwa mezani, wazi.

"Naomba niufute uso wangu," mdogo wangu alisema.

"Uliutia humo kwa mkono wako. Nani alikulazimisha?"

"Ulijua nitatumia kioo."

"Marehemu mke wangu naye alilalamika hivyo hivyo," alisema taratibu. "Na mke wa baba yangu kabla yake. Usiogope. Mnadumu miaka mingi tu."

Alisema hivyo huku kidole chake kinaelekea kwenye picha. Mdogo wangu akajikunyata kabla hakijafika.

Miaka ishirini na mitatu nafundisha, sijampiga mtoto hata kofi. Siku ile nilimkamata mzee mikono yote miwili, nikamkaza mpaka vidole vyangu vikaniuma.

"Fanya kazi yako," nikamwambia mdogo wangu.

Alizunguka upande wa pili wa meza, akalowesha pamba. Uso wake ukatoka kwanza. Akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Chini yake kulikuwa na uso mwingine, ingawa Jumanne ile pale palikuwa patupu.

"Mke wangu," mzee alinong'ona.

Akaufuta. Tukasikia pumzi. Haikuwa yetu.

Uso wa tatu. Pumzi. Wa nne. Pumzi. Wote walichorwa wakitabasamu. Macho yao yalikuwa na hasira.

Wa tano ulipotoka, karatasi ilibaki tupu. Hapo nilijikuta nimemsukuma mzee. Akaanguka juu ya meza, kiganja chake kikatua pale peupe.

Hakikuinuka. Alivuta. Akavuta tena.

"Mwalimu," alinong'ona, "waambie waniachie."

Tulifunga mlango nyuma yetu.

Majirani walimkuta yu hai, ameketi, mkono umebanwa ndani ya kitabu kilichofungwa. Walipoutoa, vidole vilikuwa laini kama karatasi, bila mstari hata mmoja. Mpaka leo hasemi. Watu huniambia nimhurumie, mzee wa watu. Simhurumii.

Mdogo wangu amepona. Anakula, anacheka, kioo kakitupa.

Lakini jioni ile nilipovua blauzi yangu, mgongoni pake palikuwa na alama za viganja vitano vya rangi mbichi, vyembamba, vya kike. Kimoja kinalingana na cha mdogo wangu, ambaye muda wote alikuwa upande wa pili wa meza. Nimeifua mara nyingi. Nikiianua kambani, imekauka kote isipokuwa hapo.