Ngozi Iliyoloweshwa

Kila siku ya mazoezi, Kinanda ndiye aliyeanika ngoma za kikundi juani, maana ngozi ikipata joto hukaza na sauti hutoka safi. Jina hilo alipewa na shangazi yake, mpiga zeze na kiongozi wa kikundi. Akizungumza alishikwa na kigugumizi, lakini akiimba maneno yalimtoka kama maji ya bomba.

Jumamosi hii walikuwa wakienda studio kurekodi albamu yao ya kwanza, naye ndiye angeongoza wimbo. Angepaswa kufurahi, ila moyo wake ulikuwa unawaka hasira. Siku tatu nyuma, binti wa shangazi, mpiga ngoma aliyeitwa Kishindo, alikuwa ameigiza kigugumizi chake mbele ya darasa zima. Wenzao walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Atanitambua," Kinanda alijisemea.

Asubuhi hiyo, kabla hawajaondoka, aliinamisha ngoma ya Kishindo, akapitisha kitambaa chenye maji kwa chini, akailowesha ngozi kwa ndani, ambako jicho halifiki. Alirudia mara nne, bila haraka na bila huruma.

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimefunikwa kwa magodoro, na maikrofoni moja tu katikati. Shangazi alitaka wapige wote kwa pamoja, kama wanavyopiga harusini. Saa sita mchana wangepisha kikundi kingine.

Kinanda aliimba vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alifumba macho. Kufikia ubeti wa pili ngozi ikaanza kulegea, na ngoma ikalia kama mtu anapiga gunia la mahindi. Kishindo alizidisha nguvu, jasho likamtiririka, machozi yakamlengalenga. Kinanda alimtazama akiendelea kuimba. Kisasi kilikuwa kitamu, tena kitamu mno.

"Sauti ya huyu binti imenisisimua," fundi alisema wimbo ulipokwisha. "Lakini ngoma imeharibu kazi. Inabidi nifute, mwanze upya."

Kinanda alishtuka. "To-toa ngoma, u-uache sauti."

"Haiwezekani, mwanangu. Maikrofoni ni moja, mmeingia humo wote. Nikifuta ngoma, nawe nakufuta."

Akabonyeza kitufe, na ule wimbo ukapotea.

Shangazi aliingiza mkono ndani ya ngoma, akautoa una majimaji. "Nini hiki?"

"Samahani, mama," Kishindo alisema kwa unyonge. "Nadhani jana niliiacha kwenye sakafu yenye maji."

Kinanda angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini Kishindo alikuwa amejitwika kosa lisilo lake.

"Ni-ni mimi," alisema. "Ni-nili-nililowesha mimi. Ali-alini... aliniigiza da-darasani."

Ilichukua muda mrefu kumaliza, na hakuna aliyecheka. Kishindo aliinamisha kichwa.

"Ni kweli, mama. Nilimdhihaki. Nisamehe, ndugu yangu."

Walimwomba muuza chai wa nje jiko lake la mkaa, wakaipasha ngozi joto mpaka ikakaza. Wakarekodi tena mara tatu kabla ya saa sita. Ngoma ililia vizuri, lakini koo la Kinanda lilikuwa limeshachoka, na sauti iliyoingia kwenye albamu ilikuwa na mikwaruzo.

Wakikusanya vyombo, shangazi aliwaita wote wawili.

"Wewe," alimwambia Kishindo, "Jumatatu utamwomba radhi mbele ya darasa lile lile ulilolichekesha." Kisha akamgeukia Kinanda. "Nawe ungeniambia siku ile ile, ningemkanya. Umesema kweli, na nimekusamehe. Ila mchimba kisima huingia mwenyewe. Ulitaka kuiua ngoma ya mwenzako, na wimbo wako mzuri kuliko wote hakuna atakayeusikia tena, hata wewe mwenyewe."