Kurasa Mbili Kuhusu Lauri

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kwenye saa tano asubuhi, soko la Tammela mjini Tampere lilikuwa limefurika watu. Hilla Rautio alikuwa kwenye foleni ya soseji nyeusi za damu, zinazoliwa na jemu, kavaa koti la mvua la njano na buti za mpira, nywele kazibana kwa kalamu. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijivu iliyotoboka kiwikoni. Yule bwana aliagiza soseji za euro tano, akataka jemu nyingi, kisha akageuka kwa haraka, na sahani yote ikatua kifuani kwa Hilla.

"Samahani sana," alisema, akiitazama jemu nyekundu ikiteremka kwenye koti. "Nalipwa kuzuia vitu visipite, na hiki kimepita."

"Najua unalipwa kwa nini. Jumanne vilipita vinne."

"Vitatu. Cha nne kilimgonga beki wetu mguuni."

"Ulikuwa umeshapiga magoti kabla hakijamgonga."

Mjini Tampere kila mtu alimjua Lauri Hietamies, kipa wa Kuohu, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, na kila mtu alikuwa na maoni juu yake, lakini hakuna aliyewahi kumwambia alipiga magoti wakati gani.

"Wewe ni nani?"

"Nachambua video za timu yenu ya vijana. Ofisi yangu ipo chini ya ngazi, jirani na mashine ya kufulia jezi. Huwa hupiti huko."

"Nitaanza kupita," Lauri akasema, akarudi dirishani kuagiza sahani mbili.

Akaanza kupita kweli. Kwanza alikuja na mikate ya iliki, akisema amenunua mingi kwa bahati mbaya. Baadaye akaacha kutafuta visingizio. Alikuwa mtu wa utani, mwenye sauti ya chini, na alipocheka alifumba jicho moja. Kufikia Oktoba, majani yalipokuwa yamekwisha kupukutika mtaani Pispala, mswaki wake ulikuwa kwenye kikombe cha Hilla, juu kabisa kilimani, kwenye nyumba ya mbao iliyokuwa ngazi sitini na mbili kutoka barabarani.

Ngazi hizo ndizo zilizoitoa siri yake. Jumapili moja ya Novemba Hilla alitangulia na mfuko wa viazi, akageuka, akamwona Lauri akipanda upande upande kama kaa, mkono kwenye reli.

"Dhahabu yangu, umeumia?"

"Nimechoka tu."

"Lauri."

Akakaa pale pale kwenye ngazi yenye baridi. "Ni nyonga ya kushoto. Inasagika. Nilimwona daktari wa nje, si wa klabu. Amesema naweza kucheza mwaka, labda miwili, nikiuma meno. Usimwambie mtu. Mkataba wangu unaisha Aprili, wakisikia nimekwisha."

"Sitamwambia mtu."

"Sema tena."

"Sitamwambia mtu yeyote," Hilla akasema, akaketi kando yake, bega kwa bega, mpaka viazi vikaanza kupata baridi kuliko wao.

Januari kocha wa makipa alihamia Uswidi. Risto Vänskä, meneja wa Kuohu, mtu mzito wa mwili na mchache wa maneno, akamwita Hilla ofisini kwake juu.

"Kiti ni chako mpaka msimu uishe."

"Nashukuru."

"Usishukuru bado. Wakala wa Lauri anataka euro laki moja na tisini elfu kwa mwaka, miaka miwili. Eelis Kumpula, kipa wetu wa pili, ana miaka ishirini na mbili, atachukua sitini na tano elfu. Nikimlipa Lauri, sinunui beki hata mmoja. Nikimsimamisha Eelis na akaboronga, nafukuzwa mimi. Niandikie nani awe kipa wa kwanza msimu ujao, na yupi anastahili kulipwa kiasi gani."

"Risto, mimi na Lauri tunaishi pamoja."

"Mji mzima unajua. Ndiyo maana nataka uandike na uweke sahihi yako."

"Mpe mtu mwingine."

"Nimemwomba bwana mmoja wa Helsinki. Anataka wiki sita, mimi nina siku kumi. Tena yeye atatazama hesabu za magoli, basi. Wewe unatazama mtu."

Hilla alishuka ngazi akiwa na jibu la kukataa tayari mdomoni, ila hakurudi juu kulitoa. Aliwaza: nikikataa, Lauri atapimwa na mtu asiyemjua kabisa. Na mimi nitakuwa nimejificha nyuma ya mapenzi yangu.

Akajifungia na mechi thelathini na nane kwenye kile chumba chake, mashine ya jezi ikinguruma ukutani. Eelis alikuwa na makosa ya kijana: alitoka golini kwa pupa, aliutema mpira mbele badala ya pembeni. Hayo yanafundishika. Lauri alijua kila kitu kabla hakijatokea, alisimama pale panapotakiwa kabla ya wengine kufikiri. Lakini kila shambulio lilipomlazimisha kuteleza kwenda kushoto, alifika amechelewa. Kidogo sana. Upana wa kiganja.

Hapo ndipo alipokwama. Je, ninaona hivi kwa sababu nimeambiwa? Ningekuwa simjui, ningeona hivi? Akatafuta video za msimu uliopita, za siku ambazo hakuwa amewahi kuongea na Lauri hata neno moja, akakuta daftari lake la zamani. Kwa mwandiko wake mwenyewe, mwezi wa Februari, aliandika pembeni: Hietamies, kushoto, mzito. Akalifunga daftari.

Aliandika kurasa mbili. Eelis awe kipa wa kwanza. Lauri abaki kipa wa pili kwa elfu themanini na tano, kwa kuwa kijana atahitaji mtu wa kumtuliza, na kazi hiyo ina thamani yake. Sababu alizotoa zote zilikuwa za kwenye barafu, na mbele ya kila moja aliweka tarehe ya mechi. Neno nyonga halikuwemo.

"Usimwambie mpaka Jumatatu," Vänskä akasema Ijumaa alipozipokea. "Nizungumze na wakala kwanza. Ndio utaratibu."

Jumamosi Lauri alipika supu ya samaki, kajifunga taulo kiunoni kama mpishi wa hotelini, akamlazimisha aonje kila dakika tano.

"Chumvi?"

"Inatosha."

"Mbona unajibu kama uko mahakamani? Cheka kidogo, mama. Au supu ndiyo mbaya?"

"Supu ni nzuri," Hilla akasema, akachota kijiko kingine. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili akakumbuka utaratibu.

Jumapili mchana alikuwa dukani, kwenye rafu ya kahawa, simu ilipoita.

"Umeandika wewe?" Sauti ya Lauri ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Lauri, niko dukani, kwenye kahawa, nakuja."

"Nimeuliza kitu kimoja. Wakala amepigiwa. Wameniweka nyuma ya Eelis, wanasema nachelewa kushoto. Umeandika wewe?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Kwa hiyo umewaambia."

"Sikuwaambia. Niliandika kinachoonekana kwenye mechi tu."

"Kinachoonekana. Miaka mitatu hakuna aliyekiona. Nikakuonyesha wewe mwenyewe pale kwenye ngazi, na miezi miwili baadaye kila mtu anakiona."

"Lauri, nisikilize."

"Supu jana uliinywa vizuri, Hilla," akasema, akakata.

Aliporudi nyumbani kikombe kilikuwa na mswaki mmoja. Alimpigia simu siku nne mfululizo, kisha akaandika ujumbe mfupi: *Sikuvunja ahadi.* Haukujibiwa. Lauri alimaliza msimu bila kumtazama, akikaa mbali naye hata kwenye meza ya chakula, na mwezi wa Mei akasaini na timu moja ya Austria kwa fedha ambazo Kuohu wasingezifikia. Hilla alikasirika pia. Alijiuliza mara nyingi iwapo mtu anaweza kupendwa na kupimwa na moyo uleule, na majira yote ya joto hakupata jibu. Alichojua ni kwamba angeandika vilevile, na kwamba bado alikuwa akinunua samaki wa watu wawili.

Nyonga ya Lauri ilishindwa kabisa mwezi wa Oktoba, katikati ya mechi, mbele ya watu elfu nne. Ilibidi apasuliwe. Daktari wa Austria aliomba taarifa zote za afya kutoka klabu ya zamani, kama ilivyo desturi, na jibu la Kuohu lilikuwa la mstari mmoja: hatukuwahi kuarifiwa tatizo lolote la nyonga la mchezaji huyu. Daktari alimsomea kitandani kama malalamiko, akamuuliza ilikuwaje wasijue. Lauri akaomba asomewe tena.

Siku kumi kabla ya Krismasi, mazoezi ya asubuhi yalipokwisha, Hilla, bado kocha wa makipa wa Kuohu, alitoka kwenye barafu kavua kofia, mashavu mekundu, akamkuta Lauri kwenye safu ya kwanza ya viti, ndani ya koti refu jeusi, amekonda. Magongo yalilala kando yake. Maisha yake yote yalikuwa ya magongo, lakini haya yalikuwa ya kutembelea.

"Eelis anatoka golini kwa pupa," Lauri akasema.

"Kapunguza. Ungemwona Septemba."

Mashine ya kulainisha barafu ilianza kuzunguka.

"Hukuwaambia," akasema Lauri. "Nimejua wiki sita zilizopita. Sikupata namna ya kuinua simu."

"Ningepaswa kukwambia nilichoandika. Ijumaa ileile, kabla ya wakala, kabla ya supu. Risto alinikataza nami nikatii, kwa kuwa nilikuwa naogopa uso wako. Hilo ni kosa langu."

"Na mimi nilikuita msaliti dukani, mbele ya kahawa."

"Hukusema msaliti."

"Nililisema baada ya kukata." Akapapasa gongo moja. "Nijibu kitu, Hilla. Kama usingenipenda, ungeandika tofauti?"

Hilla aliweka kofia yake kwenye kiti.

"Ningeandika mapema zaidi," akasema. "Nilikuona kabla hatujajuana. Daftari linasema Februari. Nilipokupenda nilijifanya sikuandika."

Lauri aliinamisha kichwa. Alipokiinua, jicho moja lilikuwa limefumba, ingawa cheko lenyewe lilikuwa bado halijafika mdomoni. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Hilo ndilo neno zuri zaidi nimeambiwa mwaka huu, na linauma."

"Umekuja na nini?"

"Tramu."

"Kwa mguu huo? Twende, nina gari."

Nje theluji ilikuwa inaanguka nene, bila upepo. Alimweka kwenye kiti cha mbele, magongo yakaingia nyuma, akawasha injini, kisha akaanza kukwangua barafu kwenye kioo. Lauri alikaa ndani akimwona vipande vipande: kwanza glavu, halafu kidevu, halafu macho. Kioo chote kilipokuwa karibu kuwa safi, akateremsha dirisha.

"Hilla. Sina timu. Mshahara wangu unakoma Aprili, na baada ya hapo sijui nitakuwa nani."

"Nilikuwa nimeshaliona hilo."

"Nataka tuoane."

Mkono wa Hilla ulisimama juu ya kioo. Kisha ukaendelea, polepole, mpaka kona ya mwisho ikaisha, na Lauri hakuharakisha.

"Mei," Hilla akasema, akifuta uso kwa mkono wa koti. "Msimu ukiisha."

"Na mkiingia fainali?"

"Basi Juni."

Lauri akatikisa kichwa kukubali, akapandisha dirisha, maana theluji ilikuwa inaingia.